Maili ya Kwenda na Maili ya Kurudi

Mjukuu wangu, ambaye makazi yake ni Ruiru na riziki yake ni bodaboda, alinijia nyumbani kwangu Thika Jumapili moja ya mwaka huu, mkono wake wa kushoto umefungwa plasta kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, na uso wake una michubuko iliyokuwa ikianza kupona. Baada ya kunisalimu kwa adabu na kunywa chai, alinieleza bila kuficha yaliyomfika: kwamba usiku wa manane vijana wenziwe hukusanyika pale ambapo Eastern Bypass inakutana na barabara kuu ya Thika, wakashindana mbio wawili wawili, kwamba yeye, ili asiachwe nyuma, aliing'oa bomba ya ndani ya ekzosi, akaondoa vioo na madigadi, akalala kifudifudi juu ya tangi, na kwamba gurudumu la mbele lilipokanyaga changarawe, yeye alikwenda upande wake na nduthi, kama tunavyoiita pikipiki huku kwetu, ikaenda upande wake. Kisha, kana kwamba msiba ule ulikuwa na faraja yake, akaongeza, akiniita babu kwa Kikuyu, "Lakini Guka, ilikuwa imefika mia moja na arobaini."

Nikamwuliza, "Nani aliyeipima?"

Akajibu kwamba spidomita ndiyo iliyosema. Sikumkemea, maana maumivu yalikwisha kumkemea vya kutosha. Lakini usiku ule sikupata usingizi upesi, kwa sababu swali nililomwuliza halikuwa langu. Niliulizwa mimi mwenyewe, kwa maneno hayo hayo, mwaka 1968, katika gereji moja papa hapa Thika, nami nilitoa jibu lile lile alilolitoa yeye.

Wako wasemao kwamba vijana hawa hawana malezi, na wako wasemao kwamba hawana kazi, na kila kauli ina sehemu yake ya ukweli. Lakini mimi, niliyetumia umri wangu mwingi nikiwa na mafuta ya injini mikononi, nauona upungufu wa tatu ambao sijasikia ukitajwa: kwamba hawakupata mtu wa kuwafundisha kuwa kasi ni dai, na kila dai lataka ushahidi. Mimi nilimpata mtu huyo, na deni langu kwake sijalilipa. Ndiyo maana naandika.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita nilipopelekwa kujifunza ufundi mwaka 1967. Thika ya siku zile ilikuwa mji mdogo wa viwanda, umezungukwa na mashamba ya mkonge, mananasi na kahawa, na barabara ya kwenda Nairobi ilikuwa njia moja ya lami ambayo malori mawili yakipishana, mwenye baiskeli hushuka kando akasubiri. Fundi mkuu wa gereji alikuwa mzee wa Mombasa, mzaliwa wa Mji wa Kale, ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitumikia jeshi katika karakana za kutengeneza pikipiki, hasa zile BSA M20 za silinda moja, ambazo Waingereza walitengeneza zaidi ya 120,000 kwa ajili ya vita. Vita vilipokwisha hakurudi pwani. Alifuata kazi bara, akaoa, akakaa. Lakini lugha yake haikuhama Mombasa hata siku moja, na chochote cha Kiswahili kilichomo katika kalamu yangu leo nilikipata kutoka kinywani mwake, baina ya pigo moja la nyundo na jingine. Sisi vijana tulimwita Ustadhi.

Mwaka wa kwanza hakuniruhusu kufungua injini. Kazi yangu ilikuwa kufua sehemu kwa mafuta ya taa na kupanga spana, na hilo la spana lilikuwa chuo kamili. Pikipiki za Uingereza za zama zile, Triumph, BSA, Norton, AJS, zilifungwa kwa bolti za kipimo cha Whitworth, kipimo alichokipendekeza Joseph Whitworth mwaka 1841 ili bolti ya karakana moja iingie katika nati ya karakana nyingine. Na namba iliyoandikwa juu ya spana yake haikuwa upana wa kichwa cha nati, bali unene wa bolti yenyewe. Aliyezoea spana za milimita huchukua moja iliyo karibu sawa, akaikaza, ikateleza, na pembe za nati zikaliwa zikawa mviringo. Nilifanya hivyo mara moja. Ustadhi aliitoa nati ile kwa patasi, akanipa mkononi, akaniamuru niiweke mfukoni mwezi mzima. Hakunipiga wala hakuniapiza. "Karibu sawa" yalikuwa maneno aliyoyachukia kama watu wengine wanavyouchukia wizi, na kwake yeye vitu hivyo viwili vilikuwa ndugu, kwani alikuwa mtu wa dini, na alishika imani kwamba kipimo ni amana, iwe ni kibaba cha mchele dukani au nafasi ya plagi injinini.

Mwanzoni mwa 1968 mkulima mmoja wa kahawa karibu na Ruiru, akijiandaa kurejea kwao Ulaya, aliuza vitu vyake, na mwenye gereji akanunua pikipiki iliyokuwa imelala ghalani chini ya magunia ya mkonge kwa muda wa miaka kadha. Tuliileta Thika juu ya gari la mizigo. Ilipofutwa vumbi ilionekana kuwa Triumph Thunderbird, silinda mbili, cc 650, na kumbe Ustadhi aliijua nasaba yake kama mtu anavyoijua nasaba ya jirani. Siku ile nilimwona kwa mara ya kwanza akiiacha kazi na kukaa chini.

Alitusimulia kwamba Septemba 1949 Triumph, badala ya kutangaza pikipiki hiyo mpya kwa maneno matupu, walipeleka tatu katika uwanja wa mbio wa Montlhéry, karibu na Paris, zikaendeshwa maili 500 kila moja kwa wastani uliozidi maili 90 kwa saa, mbele ya waamuzi wenye saa zao. Huko zilifika kwa magurudumu yake yenyewe, na zilipomaliza kazi zikarudi kwa magurudumu yake yenyewe. Hilo la kurudi ndilo lililomgusa. Aliona kwamba chombo kinachokwenda kasi na kisirudi hakijathibitisha kitu, na nilidhani wakati ule kwamba anasema juu ya safari tu.

Pistoni zilikuwa zimegandamana na silinda kwa kutu. Mimi, kwa pupa ya ujana, nilitaka tuzigonge. Yeye alimimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili katika matundu ya plagi, akafunika, akatuachisha. Kila asubuhi kwa muda wa siku kumi na moja alitia gia, akalisukuma gurudumu la nyuma kwa kiganja, akalisikiliza, akaondoka. Siku ya kumi na mbili lilizunguka. Injini ilipopigwa kiki ikaamka, lakini ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, na plagi zikatoka zimevaa masizi. Hapo ndipo nilipopata somo la hewa, somo ambalo, kama ningeambiwa nichague moja tu katika ufundi wote, ningelichagua hilo.

Thika iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na injini, ambayo hupumua kama kiumbe, hupata hewa pungufu katika kila pumzi, ilhali jeti ya kabureta, iliyotobolewa Uingereza kwa ajili ya hewa ya chini, huendelea kumwaga petroli ile ile. Petroli ikizidi hewa, moto huwa mchafu. Ustadhi alitia jeti yenye tundu dogo zaidi, akashusha sindano ya kabureta pengo moja, akaniamuru niendeshe nizime ghafla, kisha nitoe plagi nimwonyeshe, mara nne, mara tano, hadi rangi yake ikawa kama ya biskuti iliyookwa vizuri. Hata hivyo akaniambia nisijidanganye: jeti husafisha moto, hairudishi hewa iliyokosekana. Nguvu za farasi 34 alizozitaja mtengenezaji zilikuwa huku kwetu hazizidi 29.

Lakini hewa hiyo hiyo inayotunyima nguvu hutupunguzia adui, na jambo hili nililielewa miaka mingi baadaye niliposoma juu ya uwanda wa chumvi wa Bonneville, huko Utah, Marekani, ambako rekodi nyingi za dunia zimewekwa. Nchi ile tambarare, nyeupe kama sufi, iko mita 1,280 hivi juu ya bahari, chini kidogo kuliko Thika. Upana wake si faida yake pekee. Hewa yake nyepesi nayo husaidia, kwani mwenye kukimbia hupigana na upepo kuliko kitu kingine chochote, na hesabu ya upepo ni katili, kwa maana ukitaka kuzidisha kasi mara mbili, upepo hukudai nguvu mara nane. Hapo ndipo palipo na ufundi wote wa rekodi za kasi. Anayedhani kwamba ni elimu ya kuongeza nguvu amekamata ncha moja tu ya kamba. Sehemu kubwa ni elimu ya kupunguza, kupunguza uzito, kupunguza msuguano, na zaidi ya yote kupunguza umbo ambalo upepo unaliona likija.

Ukutani mwa gereji, juu ya meza ya vyuma, Ustadhi alikuwa amebandika picha zilizokatwa katika magazeti ya Kiingereza ya pikipiki. Mojawapo ilimwonyesha Mmarekani Rollie Free, tarehe 13 Septemba 1948, huko Bonneville, amelala kifudifudi juu ya Vincent HRD ya cc 998, miguu yake imenyooka nyuma hewani, na mwilini hana kitu ila chupi ya kuogelea, kofia na viatu vyepesi. Alikuwa amekwisha kukimbia na mavazi ya ngozi, na ngozi ile ikapasuka kwa upepo, akakosa maili 150 kwa saa kwa kiasi kidogo. Basi akavua, akarudi, akapata 150.313. Vijana wenzangu walicheka picha ile, nami nilicheka. Ustadhi alitutazama akatuuliza kama tumeona ni nini kilichoongezwa katika pikipiki ile baina ya mbio ya kwanza na ya pili. Hapakuwa na kitu. Mjukuu wangu alipolala juu ya tangi lake pale Ruiru, bila ya kujua, alikuwa akiifuata picha hiyo. Ila Rollie Free alikuwa na uwanda usio na mtu wala gari wala kona, na watu wenye saa mwanzo na mwisho wa maili.

Picha ya pili ilikuwa ya mtu wa Afrika, na Ustadhi aliipenda kwa sababu hiyo. Ray Amm alizaliwa Salisbury, mji ambao leo ni Harare, akaenda Uingereza kuiendeshea Norton, akashinda mbio kuu za Isle of Man mwaka 1953 na 1954. Mwishoni mwa 1953 yeye na Eric Oliver walipeleka Montlhéry Norton ya cc 350 iliyofunikwa kwa bati kama samaki, ambayo mwendeshaji wake hakuketi bali alipiga magoti, kifua mbele, na kwa chombo hicho kidogo Amm alikwenda zaidi ya maili 133 katika saa moja. Haukuwa mruko wa dakika moja. Ilikuwa saa nzima ya kupiga magoti. Mwaka 1955 alifariki katika mbio za Imola, Italia, naye angali kijana, na Ustadhi kila alipoitaja picha ile aliisindikiza kwa kumwombea.

Ya tatu ilikuwa ya mashine isiyofanana na pikipiki kabisa, bali na ndege iliyonyimwa mabawa. Ndani yake, watu wa Texas walikuwa wametia injini ya Thunderbird, dada wa hiyo tuliyoitoa chini ya magunia, wakaichomea pombe ya methanoli badala ya petroli, na Johnny Allen akaiendesha Bonneville mwezi Septemba 1956 kwa kasi iliyozidi maili 214 kwa saa. Piga hesabu ya upepo niliyoitaja: pikipiki iliyo uchi, ambayo kwa nguvu zake zote inakaribia maili 100, ingehitaji karibu mara kumi ya nguvu hizo ili ifike 214, na hapana fundi aliyewahi kuzitoa katika cc 650 za namna ile. Ni lile ganda ndilo lililolipa tofauti. Hata hivyo shirikisho la kimataifa lilikataa kuiandika rekodi hiyo katika daftari lake, kwa kuwa upimaji wake haukufuata kanuni, na ugomvi ukafika mahakamani. Triumph waliipa pikipiki yao mpya ya 1959 jina la Bonneville kwa kumbukumbu ya siku ile, na daftari likabaki vile vile. Mimi, kijana, niliona dhuluma. Nilisema kwamba mtu amekwenda, watu wameona, basi imekwisha. Ustadhi alisema kwamba yawezekana kabisa mtu yule alikwenda, wala yeye hana shaka naye. Lakini shahidi asiyekubaliwa na kadhi hasaidii kesi, hata akiwa mkweli kuliko watu wote mjini.

Thunderbird ilipopona, nilipewa kuijaribu. Niliondoka Thika alfajiri kwa barabara ya Ruiru, nikarudi na macho yanatoka machozi kwa upepo, nikatangaza mbele ya gereji nzima kwamba nimefika maili 95 kwa saa. "Nani aliyeipima?" akauliza Ustadhi. Nikasema spidomita.

Hakujibu. Wiki mbili baadaye, kwa idhini ya msimamizi wa shamba moja la mkonge, tulikwenda Jumapili alfajiri kwenye njia ya ndani ya shamba, iliyonyooka na iliyofungwa kwa minyororo ncha zote mbili, tukaifagia kwa matawi kuondoa kokoto. Alikuwa ameazima mnyororo wa kupimia ardhi, ule ambao urefu wake mara 80 ni maili moja; tukaulaza mara 40, nusu maili kamili, tukaipima tena kutoka upande wa pili. Mvulana mmoja alisimama mwanzo na kitambaa cheupe cha kuangusha nitakapompita, na Ustadhi mwisho, na saa yake ya jeshini, ile inayoanzishwa na kusimamishwa kwa kidole. Nilikwenda kwa nguvu zote za injini: sekunde 20. Hiyo ni maili 90 kwa saa, na moyo wangu ulijaa. Nikaanza kuiegesha pikipiki.

"Na ya kurudi?" akasema.

Nikageuka. Upepo wa asubuhi, ambao sikuuhisi hata kidogo nilipokuwa nao mgongoni, ulinipokea kifuani kama mtu mwenye madai. Na mteremko, ambao macho yangu hayakuuona, ulikuwa sasa mwinuko. Sekunde 24. Ustadhi aliandika juu ya kiganja chake kwa kalamu: nusu mbili ni maili moja, sekunde zote ni 44, basi kasi yangu haifiki maili 82 kwa saa. Akanieleza kwamba hivyo ndivyo wanavyofanya wakubwa wote, kwamba hapana rekodi ya dunia ya kasi katika njia iliyonyooka inayoandikwa kwa mbio ya upande mmoja. Mtu hupita umbali uliopimwa, hugeuka, hurejea ndani ya muda uliowekwa, na wastani wa safari mbili ndio wake, ili upepo na mteremko vilivyomsaidia kwenda vimdai kurudi. Maili kumi na tatu za spidomita zilitoweka mbele ya macho yangu, na ajabu yake sikuona kwamba nimenyang'anywa kitu. Zile 82 zilizobaki zilikuwa zangu kweli. Hata sasa, katika umri huu, ni katika vitu vichache ninavyoweza kusema juu ya nafsi yangu bila ya kuogopa kuulizwa.

Kisa cha mwendeshaji mmoja, Joe Wright, nilikisoma baada ya Ustadhi kurejea pwani, nikasikitika kwamba hatukukizungumza. Novemba 1930, katika barabara iliyonyooka nje ya Cork, Ireland, Wright alivunja rekodi ya dunia kwa maili 150 na ushei kwa saa, kwa injini ya JAP ya Tottenham. Na pikipiki ya OEC aliyokuja nayo ikawekwa katika maonyesho ya London kama ndiyo iliyoweka rekodi. Ukweli uliojulikana baadaye ni kwamba OEC ilivunjika kabari ndogo katika mhimili wake, na mbio yenyewe ilikimbiwa kwa pikipiki ya akiba, Zenith. Kasi ilikuwa ya kweli, saa zilikuwa za kweli, mtu alikuwa shujaa. Kilichokuwa cha uongo ni jina la chuma tu. Lakini karibu miaka mia moja imepita, na kila anayeitaja siku ile hulazimika kutaja doa hilo kwanza.

Nami niliwahi kulipa gharama ya kipimo kilichoachwa. Mwaka 1974 nilikuwa nimehamia gereji nyingine, ambayo sitaitaja. Mteja alitaka pikipiki yake iende mbio zaidi, na mkubwa wangu akaniamuru nikwangue kichwa cha silinda ili mchanganyiko ubanwe zaidi kabla ya kuwaka. Wazo lenyewe si baya. Ndilo walilolitumia watu wa rekodi, ingawa wao, kwa kuwa mbano mkubwa huzaa joto kubwa, walichoma pombe, ambayo huipoza injini inapoingia. Lakini kichwa kikikwanguliwa, valvu husogea karibu na pistoni. Ustadhi alinifundisha kubandika udongo wa kufinyangia wa watoto wa shule juu ya pistoni, kufunga injini, kuizungusha kwa mkono, kufungua, na kuukata udongo kwa kisu nione valvu zimeacha nafasi gani. Hiyo ni kazi ya nusu siku. Niliomba hiyo nusu siku nikanyimwa; nikakubali, nikafunga. Siku ya tatu, katika mteremko wa kuelekea mto Chania, valvu ilikutana na pistoni, injini ikakamatana, gurudumu la nyuma likagoma, na mteja akatupwa barabarani. Hakufa, lakini tangu siku ile alichechemea. Nilifukuzwa kazi bila ya mshahara wa mwezi ule, na lawama yote ikawekwa mabegani mwangu. Kwa muda mrefu nilihesabu kwamba nimedhulumiwa, na nilidhulumiwa. Lakini mkono ulioikaza nati ya mwisho, huku ukijua kwamba hakuna kilichopimwa, ulikuwa wangu.

Yaliyofuata nayapitia kwa haraka. Pikipiki za Kijapani, zisizovuja oili na zisizodai kiki kumi asubuhi, ziliziondoa za Kiingereza katika barabara zetu. BSA ilianguka mwanzoni mwa miaka ya sabini, na kiwanda cha Triumph cha Meriden kikafungwa 1983. Mimi niliajiriwa kuunganisha malori hapa Thika hadi nilipostaafu. Ustadhi alifariki Mombasa 1981, na mwanawe akaniletea kifurushi: spana za Whitworth zilizofungwa kitambaani, na ile saa.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Ngong Racecourse kuyatazama mashindano ya Concours d'Elegance, yaliyoanza 1970, ambamo magari na pikipiki za kale hukaguliwa na waamuzi hadi chini ya tumbo. Palikuwa na Thunderbird, kromu yake yang'aa kama kioo. Niliinama nikapitisha kidole ndani ya mdomo wa ekzosi, kikatoka cheusi. Nilimwambia mwenyewe kwa heshima kwamba pikipiki yake ingali inapumua hewa ya Uingereza, nikamweleza habari ya jeti. Aliandika jina langu katika kijitabu, akaniuliza nilijifunza wapi, nikakaa naye chini ya hema karibu saa nzima nikimweleza.

Na mjukuu wangu? Plasta ilipotolewa nilikwenda Ruiru mwenyewe. Tulirudisha bomba ya ndani ya ekzosi, nikamweleza kwamba moshi unapotoka hutuma mawimbi katika bomba, mengine yakarudi kuusaidia mchanganyiko mpya kuingia, na kwamba aliyeitengeneza aliupima urefu na vizuizi vyake kwa sababu. Anayeving'oa hupata sauti, na aghalabu hulipa kwa nguvu zile zinazohitajika kupanda mlima na abiria wawili. Alinisikiliza kwa adabu ya mtu asiyeamini.

Basi nikaomba ruhusa katika shamba la kahawa, ambako kuna njia iliyonyooka na geti linalofungwa. Alipima mwenyewe mita 500 kwa utepe wa fundi wa nyumba, akapiga chokaa mwanzo na mwisho. Nilimwambia kwamba sitaki kujua mwisho wa kasi yake. Nataka aishike spidomita kwenye 80, aitulize hapo, apite. Nduguye aliangusha kitambaa, na mimi, kidole changu juu ya saa ya Ustadhi, nikasubiri.

Sekunde 25. Alisimama, akatoa simu, akapiga hesabu: kilomita 72 kwa saa. Akairudia. Nilimwona akiitazama spidomita, kisha namba ile, kisha spidomita tena, na nilijua kwamba kimoyomoyo anaishusha ile mia moja na arobaini, hatua baada ya hatua, hadi mahali ambapo haikuwa na thamani ya mkono uliovunjika.

"Guka," akasema hatimaye, "na ya kurudi je?"

Sikumjibu. Niliirudisha saa kwenye sifuri, nikaiinua. Alivaa kofia yake, akaigeuza pikipiki.